Naomba ushauri: sauti ya marehemu mama, upepo wa Nakivale na kufuli ya muda

Mwana_Masisi: Ndugu zangu, habari za jioni. Nipo kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tangu 2012. Juzi mvua ya upepo imepita hapa Rubondo, imelaza migomba yote na kung'oa shitingi (turubai la plastiki la paa) pamoja na nusu ya miti ya paa. Usiku kucha tuliwafunika watoto kwa godoro. Asubuhi nafungua sanduku, daftari ambamo mama aliandika mipaka ya shamba letu la Masisi, Kongo, limekuwa uji, wino wote umetoka.

Kilichobaki ni sauti yake kwenye simu, dakika 11. Anataja mkaratusi, kijito, jiwe la babu. Aliniusia watoto wasiisikie mpaka kitinda mimba atimize miaka 18, yaani 2034, maana aliogopa wadogo zangu watawashawishi wauze. Kijana mmoja wa kompyuta ameniambia faili linaweza kufungwa lisifunguke kabla ya tarehe. Ni kweli? Nifanye hivyo?

Fundi_Mtandao: Pole sana kaka. Ni kweli, lakini tarehe yenyewe haishikiki vizuri. Mwaka 1996 wanasayansi wa kompyuta Rivest, Shamir na Wagner walieleza fumbo ambalo namba inazidishwa kwa yenyewe, jibu nalo linazidishwa kwa lenyewe, mara matrilioni, na jibu la mwisho ndilo ufunguo. Kila hatua inasubiri iliyotangulia, kwa hiyo hata ukileta kompyuta mia hazigawani kazi. Ila kompyuta moja yenye kasi zaidi inawahi. Mwaka 1999 Rivest alitoa fumbo alilokadiria litachukua miaka 35. Mtayarisha programu Bernard Fabrot akalifungua 2019, baada ya miaka mitatu na nusu hivi ya hesabu kwenye kompyuta ya kawaida. Kufuli yako ya 2034 inaweza kufunguka watoto wakiwa bado wadogo.

Ipo njia nyingine: seva (kompyuta za mtandaoni) za taasisi mbalimbali zinatoa kwa pamoja saini mpya ya kidijitali, yaani namba ndefu, kila baada ya sekunde chache, na saini ya siku uliyochagua ndiyo ufunguo. Hii inafuata saa. Lakini seva hizo zikizimwa kabla ya 2034, sauti ya mama imepotea moja kwa moja.

Mama_Juru: Mwanangu, mimi nauliza jambo moja. Ukifariki mwakani, au wakirudi Masisi 2030 wakakuta mtu analima shamba lao, kufuli hiyo itawahurumia? Mama alitaka wajukuu walindwe. Usiwafungie haki yao.

Fundi_Mtandao: Mama amesema kweli. Basi tumia njia ya Shamir huyohuyo, ya 1979. Funga faili kwa nenosiri, kisha nenosiri ligawanywe vipande vitatu: viwili vyovyote vikikutana vinafungua, kimoja peke yake hakina maana. Wape watu watatu wanaokaa mbalimbali na wasio na tamaa na shamba. Wao watajua siku ya dharura. Na nakala za faili lenyewe ziwekwe mahali patatu tofauti, simu ya chini ya shitingi usiihesabu.

Seremala_Isingiro: Paa nalo, ndugu. Upepo unaingia chini ya ukingo ndipo unainua. Punguza baraza, kila mti wa paa ufungwe kwenye nguzo kwa waya, misumari peke yake inachomoka. Nguzo zishuke chini vizuri, udongo ushindiliwe. Mvua za Septemba hadi Novemba bado zinakuja.

Mwana_Masisi: Asanteni sana, shikamoo Mama. Leo nimenakili sauti kwenye memori kadi mbili. Moja dada anaipeleka Mbarara Jumamosi, nyingine nitampa mchungaji. Seremala, nina nguzo 12, ninunue waya mita ngapi?