Nyumba Tabata, Dar, ina hati, nilipe?

Wakuu, muuzaji ana hati ya miaka 99, anataka nusu ya hela kesho. Nianzie wapi?

— Kesho ya nini? Chukua nakala ya hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utaona jina la mmiliki, rehani ya benki, na zuio (amri au pingamizi la kuiuza) kama lipo. Wengi huliwa hapo: karatasi ni halisi, lakini zuio limeshawekwa.

— Kama muuzaji ana mke, huyo mke asaini ridhaa ya kuuza. Asiposaini, mauzo yanaweza kubatilishwa.

— Dai risiti za pango la ardhi (malipo ya kila mwaka kwa serikali). Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza, ni ya muuzaji. Iandikeni kwenye mkataba, maana isipolipwa uhamisho unakwama. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla.