Ghost Hunt au Yami no Matsuei, nishushe ipi kabla bando halijaisha?

mpenda_uzi: Wakuu habari za jioni. Bando langu linaisha kesho saa sita usiku, nataka nishushe anime (katuni za Kijapani) moja ya upelelezi wa mizimu. Iwe inatisha, vichekesho viwepo, na wakaka wawe mahendisamu maana mdogo wangu ndo kaiomba. Nimebaki na hizo mbili. Ipi?

Chuma_cha_Reli: Mdogo wako ana miaka mingapi? Bando ni GB ngapi? Anasoma sabutaito au mnataka iliyodabiwa? Usipotaja hivyo tutabaki kukisia tu.

dada_wa_Tanga: Ghost Hunt bila kufikiria mara mbili. Yule bosi ana miaka 17 tu na ana ofisi yake Shibuya, Tokyo, ya kuchunguza mizimu, kila nyumba anayoitwa anafunga kwanza kamera, maiki na vipimajoto, chumba kikishuka joto ghafla ndo anaanza kazi. Mai, msichana anayemsaidia kazi, anamwita Naru, kalikata kutoka neno la mtu anayejipenda kupita kiasi, na jina likamganda mpaka mwisho. Halafu timu yenyewe sasa, mtawa wa Kibuddha anayepiga gitaa la besi, padri kutoka Australia, dada wa hekalu, wote hawaelewani. Utacheka, halafu usiku unaogopa kwenda chooni.

Mzee_wa_Sabu: Yami no Matsuei ndo yenye mahendisamu wa kweli. Tsuzuki ni shinigami, yaani mungu wa kifo, mwenye macho ya zambarau, akiona keki anakuwa kama mtoto, dakika mbili mbele anakutoa machozi. Episodi 13 tu, unamaliza wikiendi moja. Ghost Hunt ni 25.

dada_wa_Tanga: Mzee mwambie na yule daktari Muraki basi. Koti jeupe, nywele zimefunika jicho moja, sura nzuri kweli, ila anayomfanyia Hisoka, yule mwenzake Tsuzuki wa kazini, si ya kumwonyesha mtoto. Ndo maana umri unaulizwa.

mpenda_uzi: Ana 15. Bando GB 6. Sabutaito anasoma vizuri tu.

Chuma_cha_Reli: Kwa miaka 15 basi Yami iache kwanza.

kijana_wa_Kilindini: Na ukiamua Ghost Hunt, shusha mwenyewe, usiende kununua kwa flashi. Mimi nilinunua kwenye kibanda kimoja huku Mombasa, jamaa akaniapia zote 25 zimo, nikalipa, nikafika nyumbani nikahesabu kweli 25. Tukaanza mimi na binamu zangu, ile ya mwanasesere Minnie tukaitazama taa zote zimewashwa, tukaenda vizuri hadi ya 17. Kufungua ya 18, naona ni ya 1 imepewa jina jingine, ya 19 ni ya 2, hivyo hivyo hadi ya 21, halafu ya 22 ikawa ya 22 kweli. Sasa 18 hadi 21 ndo kile kisa cha jumba kubwa lililojengwa vyumba ndani ya vyumba, watu wanaingia hawatoki, kisa kizito kuliko vyote! Nikarudi kesho yake, jamaa ananiambia mbona idadi imetimia. Iliniuma sana, maana binamu zangu walikuwa wanasafiri jioni ile na mpaka leo hatujawahi kukaa tena pamoja tukaimalizia.

dada_wa_Tanga: Pole sana. Kile kisa ukikiruka umeruka roho ya anime nzima.

Spirit_Gun_TZ: Nyie wote mnazunguka, upelelezi wa mizimu ni Yu Yu Hakusho. Yusuke anakufa akimwokoa mtoto asigongwe na gari, anarudishwa duniani kama mpelelezi. Na hendisamu wa humo ni Kurama.

Mzee_wa_Sabu: Episodi 112 kwa GB 6? Na upelelezi wenyewe ni zile 25 za mwanzo, baada ya hapo ni mashindano ya ngumi.

Spirit_Gun_TZ: Si ngumi tupu, mle kuna akili. Kurama anashinda kwa kufikiri.

Chuma_cha_Reli: Mimi naongeza Mononoke ya 2007, episodi 12. Muuza dawa hachomoi upanga mpaka ajue umbo la zimwi, ukweli wa kilichotokea na sababu yake, na rangi zake ni kama karatasi iliyochorwa kwa mkono. Huo ndo upelelezi. Ila kucheka ni kidogo.

dada_wa_Tanga: Kaomba vichekesho lakini.

mpenda_uzi: Nimeanza kushusha Ghost Hunt ya kwanza, inaenda polepole kweli. Mdogo wangu kasoma uzi huu, sasa anauliza huyo Kurama anatokea ya ngapi?

Spirit_Gun_TZ: Ya 6 utamwona kama mwizi. Ya 7 ndo atamwelewa, pale hospitalini kwa mama yake, na kile kioo alichoiba kiko mkononi. Aangalie hiyo kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Mzee_wa_Sabu: Na Tsuzuki je?