Tunampeleka mama Moshi kumshangilia kitinda mimba wake kwenye kilomita 42. Tusimame wapi?

Dada Mkubwa wa Tabata

Wakuu, habari za mchana. Naomba msaada kwa wanaoijua Kilimanjaro Marathon.

Mdogo wetu wa mwisho ana miaka 31, anauza vitenge Kariakoo. Tangu Septemba 2025, Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, alipochukua dhahabu ya dunia kule Tokyo, mtoto wa watu hajatulia. Ile klipu anayomalizana na Mjerumani bega kwa bega, wote wameandikiwa 2:09:48, wametenganishwa na sehemu tatu tu za mia za sekunde, kaitazama mpaka bando likaisha, akaazima simu yangu. Siku hizi saa kumi na moja alfajiri yuko Daraja la Tanzanite. Kajiandikisha kilomita 42, ndiyo mara yake ya kwanza.

Tunakwenda mimi, shemeji yenu, watoto wawili na mama. Mama ni Mzaramo wa Mbagala, ana miaka 64, mbali alikowahi kufika ni Chalinze, tena msibani. Anasema yeye haendi kutazama, anakwenda kumlisha mwanawe. Ameshapanga uji wa ulezi na chupa ya chai, anataka asimame njiani amkabidhi.

Sasa: tukodi Noah au tupande basi pale Mbezi? Tusimame wapi? Na huo uji, jamani, mtu anayekimbia anaunyweaje? Dogo anasema atatumia saa nne na nusu.

Kiatu Kimeisha Soli

Dada, hongera kwa kumpeleka mama. Hiyo nimeikimbia mara nne, mbili za 21 na mbili za 42.

Nusu ya kwanza ya 42 wanatoka Uwanja wa Ushirika, wanaifuata barabara ya kuja Dar, wanageuza, wanarudi mjini. Huko kila mtu shujaa, wala msihangaike kwenda. Nusu ya pili ndiyo wanapandishwa Mweka, na Mweka ni mlima kwelikweli. Dogo wako mlima anaoujua ni ule mgongo wa daraja. Halafu ujue, sukari ambayo mwili unaitunza kwenye misuli na ini, wengi wetu inatuishia kwenye kilomita ya 30 na kitu. Ikikatika, miguu inakuwa ya mtu mwingine. Kwa hiyo sukari inakatika na yeye bado yuko kwenye kupanda. Hapo ndipo anapomhitaji mama yake. Kasimameni barabara ya Mweka.

Hesabu yake hii: kwa saa nne na nusu, kilomita moja anaimaliza kwa dakika sita na nusu kasoro kidogo. Wakianza saa 12:30 asubuhi kama nilivyoanza mimi, ya 30 ataifikia saa 3:40 hivi. Ongezeni nusu saa, ule mlima hauna adabu.

Uji anywe akishamaliza. Tumbo linalokimbia halipokei mgeni. Asichokizoea mazoezini asikionje siku hiyo. Na msimshindilie maji matupu kila mnapomwona, yakizidi yanashusha chumvi kwenye damu, na kuna watu wanaanguka kwa hilo hilo.

Ombi langu moja: msimwambie "umebakiza kidogo". Mimi mzee mmoja aliniambia hivyo nikiwa na kilomita 14 mbele yangu, nikatamani nikae chini nilie. Mwiteni jina lake, inatosha.

Mangi wa Himo

Gesti za Moshi mjini wikiendi ile zinajaa mapema mno. Mkikosa, tafuteni huku kwetu Himo au Boma Ng'ombe, mtaingia mjini alfajiri. Mkija na Noah mwambieni dereva aheshimu vibao vya 50, matrafiki wenye tochi mtakutana nao mpaka mchoke. Na asubuhi mtazameni Kibo mapema, mawingu yakishapanda mtarudi Dar mnasimuliwa. Mama mwambie shikamoo yake.

Mpita Njia

Kilomita 550 kwenda kumwona mtu kwa sekunde kumi? Si mngemtazama kwenye status.

Dada Mkubwa wa Tabata

Mpita Njia, wewe huna mama.

Kiatu, asante sana kaka. Mama nimemsomea. Ya uji kakataa, hayo mengine kakubali.

Dada Mkubwa wa Tabata

Wakuu, tumerudi, mrejesho huu hapa.

Tulikodi Noah. Goti la mama halikunji, kwenye basi tungeumbuka. Mkubwa alikosa shule Ijumaa, mwalimu wake tutaongea naye. Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge Korogwe, mama akatazama dirishani muda mrefu, halafu akauliza, "Haya mananasi yote haya anayala nani?" Shemeji yenu ilibidi amwombe dereva asimame, kwa kucheka.

Jumapili, saa tatu tuko barabara ya Mweka. Tukamtandikia mama kanga chini ya migomba, akakaa na chupa yake. Saa 3:40 hayupo. Saa nne hayupo. Mama akaanza kumwuliza kila anayepita, "Mwanangu mmemwacha wapi?" Watu wana shida zao, wanahema tu.

Saa 4:05 akatokea, anatembea. Mkono kiunoni, chumvi imemkauka shavuni nyeupe kama amepakwa chokaa. Watoto wakapiga kelele "Mjombaaa!" Alipomwona mama akasimama kabisa, akainamisha kichwa: "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kakwambia usimame?"

Mama akajifunga kanga kiunoni, akaingia barabarani akaenda naye. Lile goti sijui lilikwenda wapi. Yeboyebo zinapiga pa, pa, pa. Hakumpa uji, hakumwambia pole. Wameongozana kama kutoka nyumbani mpaka dukani hivi, kisha akampiga kofi dogo la mgongo, "Haya nenda, mimi nimechoka." Na dogo akaondoka anakimbia! Shemeji yenu anasema lilikuwa vumbi machoni.

Ametumia saa tano na dakika saba. Pale Ushirika kanywa uji vikombe vitatu amesimama, medali inaning'inia ndani ya kikombe. Jumatatu kwenye Noah dogo alikuwa anashuka kinyumenyume, huku kashikilia mlango.

Mangi wa Himo, Kibo tumeiona, asante. Ila chupa ya chai ya mama, nyekundu, kifuniko kimefungwa kwa uzi, imebaki kwenye migomba barabara ya Mweka, mkono wa kushoto ukiwa unapanda. Ukipita huko niangalizie, mdogo wangu. Naulizwa kila siku.