Tupeane uzoefu: kubadilisha beringi za rili ili kurusha mbali (wavuvi wa Tanga na majirani)

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Kusi limeshika, na hapa Raskazone ukirusha chambo chepesi upepo unakirudisha miguuni mwako. Kila ninayekutana naye kwenye mawe ana dawa ileile: "Badilisha beringi, utarusha mpaka kisiwa cha Toten." Sasa waliobadilisha waje waseme walipata nini hasa, na waliosafisha tu wakaridhika nao waseme. Naanza mimi.

Rili yangu ni ile ya spuli (kigurudumu kinachozungushiwa uzi) iliyolala, inayozunguka yenyewe unaporusha. Beringi zinazohusika na umbali hapo ni mbili tu, zile zinazobeba spuli huku na huku. Boksi likiandikwa beringi 10 au 12, zilizobaki ziko kwenye gia, kwenye mhimili wa mkono na kwenye vishikio. Zinalainisha kuvuta, kurusha hazikugusi. Anayekuuzia seti nzima "ili urushe mbali" anakuuzia mbili za kazi na nyingine za kusindikiza.

Nimeweka za seramiki, yaani vijipira vya nitridi ya silikoni ndani ya ringi za chuma. Tofauti niliiona kwenye visamaki vya plastiki vya gramu kumi hivi: spuli inaamka mapema, sihitaji kutupa kwa nguvu. Kwa chubwi zito (kile kipande cha kuzamishia uzi), tofauti ya kumwita jirani aje kuona haikuwepo. Na ilibidi nipandishe breki, maana spuli ikikimbia kuliko uzi unavyotoka, utakaa juu ya jiwe unafumua mafundo huku wenzako wanavuta kolekole.

Karibuni.

Cherehani_Ngamiani
Mkuu, kabla watu hawajatoa hela waoshe kwanza. Rili nyingi zinatoka kiwandani beringi zimejaa grisi au oili nzito ya kukinga kutu, na hiyo ndiyo inayoishika spuli. Mimi sikununua kitu.

Fanya hivi. Fungua kifuniko cha pembeni, toa spuli, chomoa beringi. Ukiitazama vizuri utaona waya mwembamba wa duara ulioshikilia kifuniko chake kidogo. Ingiza ncha ya sindano pale waya ulipokatika, lakini funika na dole gumba, kwa sababu ule waya ukifyatuka chini ya meza ya cherehani humwoni tena hadi Idi. Tumbukiza beringi kwenye kichupa cha petroli, tikisa, mwaga, rudia mpaka petroli ibaki safi. Nje ya nyumba, na sigara weka mbali. Iache ikauke kabisa, ivike kwenye ncha ya penseli, ipige kwa kidole. Ikizunguka muda mrefu bila kukwaruza, ni nzima. Ikikwaruza hata baada ya kuoshwa, hiyo ndiyo ya kubadilisha.

Kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Moja! Watu wanajaza halafu wanalalamika rili imerudi palepale.

MkeWaNahodha
Naongezea kwa kaka wa cherehani: kuna rili ambazo beringi moja imebanwa kwenye mhimili wa spuli kwa kipini chembamba kinachopita katikati. Hiyo usiing'oe kwa koleo. Mhimili ukipinda kidogo tu, hata beringi ya dhahabu haitakusaidia. Kuna kifaa chake cha kusukuma kile kipini. Kama huna, ioshe ikiwa palepale kwenye mhimili.

Za seramiki ninazo pia, navulia pale Deep Sea, hapahapa Tanga, usiku. Zinarusha, sikatai. Ila zinapiga kelele; zikikauka oili zinalia kwa sauti nyembamba kila unaporusha. Na watu wanadanganyana kwamba "seramiki haishiki kutu". Vijipira ndiyo havishiki. Ringi ni chuma, na chumvi inazila. Zangu zilikuwa za wazi, hazina vifuniko, na mchanga mmoja tu ukiingia unausikia kwenye dole gumba.

Sahare_Boy
Wakuu mimi niliangalia kipimo nikakuta rili yangu inachukua 3 kwa 10 kwa 4, milimita, yaani tundu la katikati, upana wa nje na unene. Kipimo hicho kwa mafundi wa mashine ndiyo 623, ipo ya kawaida kabisa, inafungwa hata kwenye printa. Nikachukua 623ZZ kwa bei ya chee. Siku ya kwanza ilirusha vizuri mno. Baada ya safari chache za maji ya chumvi imeganda, rangi ya mdalasini.

Mwanzisha mada
@Sahare_Boy ZZ maana yake ina vifuniko vya chuma pande zote mbili tu, haisemi chuma chenyewe ni cha aina gani. Za mashine za kawaida ni chuma cha kromu, zimetengenezwa kuishi ndani ya grisi, bahari haziiwezi. Tafuta zilizoandikwa S mbele, S623, hizo ni za chuma kisichoshika kutu upesi. Nasema "upesi" kwa makusudi, maana hata ile aina ya chuma hicho inayosifiwa, 440C, inashika kutu ukiiacha na chumvi. Na zile namba za ABEC 5, 7, 9 msihangaike nazo. Zinapima usahihi wa vipimo, hazisemi lolote juu ya kutu wala oili.

BambaBagamoyo
Nyie wa Tanga mna kina karibu. Sisi huku Bagamoyo maji yakipwa, hasa ya bamvua, bahari inakwenda zake na unabaki na uwanja wa mchanga. Umbali kwetu ni lazima, siyo sifa. Lakini mimi nimefanya kinyume chenu. Narusha chubwi la gramu 150 na fimbo ndefu, na kwa uzito huo spuli haina shida ya kuamka, shida yake ni kutulia. Beringi ilipokuwa nyepesi sana nilikuwa narusha kwa woga, nusu ya nguvu. Nikaweka oili nzito ya injini, tone moja kila upande. Sasa najipinda mwili mzima nikijua haitavuruga, na chubwi linafika mbali kuliko zamani. Oili nayo ni breki jamani.

Cherehani_Ngamiani
Hapo umenifungua macho @BambaBagamoyo. Kwa hiyo chambo chepesi oili nyepesi, chubwi zito oili nzito.

Mzee_wa_Kigombe
Nawasoma tu. Sisi tunazungusha chubwi tunaachia, mshipi unatoka kwenye kibao. Beringi yetu ni bega, na grisi yake ni chai ya asubuhi. Changu anakuja vilevile. Haya endeleeni vijana.

MkeWaNahodha
Shikamoo mzee 😂

Pwani_Dogo
Mimi nina rili ya kawaida, ile yenye waya wa kugeuza na uzi unatoka kwa mbele. Nimebadilisha beringi zote na sasa narusha mbali zaidi. Kwa hiyo inasaidia na huku.

Mwanzisha mada
Mdogo wangu, uliweka na uzi mpya siku hiyohiyo?

Pwani_Dogo
Ndiyo, wa kusuka, mwembamba kuliko ule wa nailoni. Na niliujaza vizuri.

Mwanzisha mada
Basi shukuru uzi. Kwenye rili yako spuli haizunguki kabisa unaporusha. Uzi unajifungua kwa kupanda ukingo wa spuli. Beringi wakati huo zimelala usingizi. Uzi mwembamba unapita kwenye pete za fimbo bila kukwama, na spuli iliyojaa hadi karibu na ukingo haiubani uzi unapotoka. Hayo mawili ndiyo yaliyokupa umbali.

Ila usiseme hela imepotea yote. Ipo beringi moja kwenye rili yako ya kuiangalia kwa jicho kali: ile ndogo ndani ya kijigurudumu ambacho uzi unapita unapovuta. Iko nje, inapigwa na maji kila mara, na huwa inakufa mapema kuliko zote. Ikiganda, kijigurudumu hakizunguki, na ule uzi wako mpya utakisugua hadi uanze kuchanika nyuzinyuzi. Ukirudi nyumbani mwagia rili maji baridi ya kawaida taratibu, usiizamishe kwenye ndoo wala kuipiga kwa mpira wa presha, maana presha inasukuma chumvi ndani. Ikikauka, tone la oili hapo.

Pwani_Dogo
Nimeigusa sasa hivi, ni ngumu kweli. Nikanunue ya kipimo gani?

Mwanzisha mada
Zinatofautiana rili kwa rili. Itoe kwanza, pima kwa kaliper tundu, upana na unene, ndiyo uagize. Na ichukue yenye vifuniko, ya wazi hapo usithubutu.