Wanatafuta dhahabu karibu na mto Isiukhu, naomba ushauri

Habari zenu wanajamii. Naishi Kakamega, magharibi mwa Kenya, shamba letu linashuka hadi mto Isiukhu, ule unaopitia msitu wa Kakamega. Juzi vijana waliovaa makoti ya kung'aa walipita wakipigilia vigingi vyenye utepe mwekundu, kimoja katikati ya nepia, majani ya kulisha ng'ombe wangu. Liguru, yaani mzee wa kijiji, anasema ni "utafiti tu" wa dhahabu.

Utafiti tu! Mashine ya kutoboa mwamba inavuta maji mengi na kutema tope la kijivu. Mvua ikija, tope hilo litaingia mtoni tunakochota. Mwamba wenye dhahabu mara nyingi huwa pia na aseniki, ambayo ni sumu. Na wachimbaji wadogo wakisikia kuna kitu, watakuja na zebaki yao ya kunasia dhahabu, nayo ni sumu. Mashimo ya wachimba dhahabu wa miaka ya 1930 yapo hadi leo, ndama wa jirani alitumbukia mwaka jana.

Barazani tulipewa soda na karatasi ya kutia sahihi. Mama mkwe alitia kidole gumba, mimi nikasingizia miwani.

Najua Katiba kifungu cha 42 inatupa haki ya mazingira safi, na kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kinaweza kukatiwa rufaa ndani ya siku 60. Lakini nianzie wapi: NEMA ya kaunti, au ofisi ya madini? Sahihi ya mama inaweza kufutwa? Na maji nipime sasa, kabla hawajatoboa? Maabara gani hupima aseniki kwa bei ya mkulima?