Moyo unaenda mbio ghafla nahisi kama nakufa, mnafanyaje?

nuru_t: Habari zenu wadau, mwenzenu nateseka. Niko zangu kwenye foleni au kikaoni, mara moyo unaanza kudunda balaa, vidole na midomo inakufa ganzi, pumzi haitoshi, najua kabisa leo ndo mwisho. Nimepima moyo, damu, hadi tezi ya shingo, dokta kasema niko sawa, ni wasiwasi. Sasa nimeanza kukwepa watu. Mliopitia hii mnafanyaje ikianza?

sele_k: Pole sana ndugu yangu. Hiyo ganzi isikutishe, ukipaniki unahema harakaharaka unatoa kabonidayoksaidi kupita kiasi, ndo maana vidole vinachomachoma na kichwa kinakuwa chepesi, hewa unayo ya kutosha kabisa ila mwili unakudanganya haipo. Kwa hiyo usivute pumzi kubwakubwa, wengi hapo ndo wanazidisha. Ingiza puani taratibu ukihesabu mpaka nne, toa mdomoni polepole mpaka sita, kama unapuliza mshumaa bila kuuzima. Mara nyingi inafika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, then inashuka yenyewe.

mama_wawili: Naongezea hapo, usitoke kwenye foleni mbio. Ukikimbia unapata nafuu kweli, lakini akili inajua umeponea chupuchupu, kesho unakwepa foleni, keshokutwa unakwepa duka zima, mwisho unajifungia ndani. Mimi nilikuwa nasimama palepale nimeshika funguo zile za baridi mkononi nazisikilizia meno yake, miguu inatetemeka, najisemea hii ni adrenalini, ile homoni ya hofu, inapita, na inapita kweli. Anza na foleni fupi usijilazimishe. Na kahawa punguza jamani.

nuru_t: Asanteni mno. Na usiku je? Juzi nimeshtuka usingizini nahema hivyohivyo

sele_k: Hata usingizini inakuja, ni ileile. Kaa kitako, miguu iguse sakafu, toa pumzi. Ila kifua kikiuma kwa namna mpya, maumivu yakaenda mkononi au tayani, hapo hospitali fasta, usiseme ni wasiwasi tu.

mama_wawili: Na tafuta mtaalamu wa saikolojia, kuna tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia, kwa tatizo hili inasaidia sana. Dawa zipo pia, ila vile vidonge vya kutuliza fasta mwili unavizoea, usimeze vya kupewa na rafiki, mwachie dokta aamue.