Fundi waya?! Wakuu, leo nimedhalilishwa darasani

Wakuu, natetemeka hadi simu inaniponyoka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja, mwenye tai ileile tangu tuko mwaka wa kwanza. Leo kipindi cha saa mbili anajaza ubao gradienti na divajensi, zile hesabu za vekta (vitu vyenye ukubwa na mwelekeo), anasema zote ni kazi ya Newton. Nikanyoosha mkono kwa adabu: mwalimu, vekta hizi tunavyoziandika ni kazi ya Gibbs wa Chuo cha Yale, Marekani, na Oliver Heaviside wa Uingereza, miaka ya 1880. Newton alikufa 1727.

Akanitazama kama nimemwomba nauli. "Heaviside? Yule fundi waya?" Darasa likaangua kicheko. Hadi feni ilicheka.

FUNDI WAYA! Mtu aliyeacha shule na miaka 16, chuo hakukanyaga, akafanya kazi ya telegrafu na masikio yenyewe hayasikii vizuri, akamsoma Maxwell, yule wa nadharia ya umeme na sumaku, peke yake mpaka milinganyo yake 20 akaikunja ikawa 4. Hiyo minne ndiyo inayompa yule bwana mshahara! Halafu fundi waya!

Chungu_Kidogo: Pole mkuu, ila ungenyamaza. Alama za kozi weki ziko mkononi mwake.

Mnyonge_wa_Kanda: Mimi namlilia Grassmann, naye wa vekta, naye alidharauliwa. Mwalimu wa shule huko Stettin, Ujerumani ya enzi hizo, katoa kitabu cha hisabati 1844, hakikununulika, nakala kama 600 zikaharibiwa. Jamaa akahamia Kisanskriti.

Mtoa mada: Sawa, lakini kasema FUNDI WAYA mbele ya watu wote!

Pumba_Tupu: Na George Green? Msaga unga wa Nottingham, shule kasoma mwaka mmoja hivi, 1828 akatoa insha yake ya hisabati ya umeme na sumaku. Teoremu yake inatukamata kila mtihani. Wewe unalilia waya, sisi wa mashine ya kusaga tulie wapi?

Dirishani: Hamilton, mwanahisabati wa Ireland, kachonga fomula ya kwatenioni (namba zenye sehemu nne) kwenye daraja la Dublin, 16 Oktoba 1843, leo kuna kibao cha kumbukumbu. Mimi nimeandika moja kwenye meza ya maktaba, faini.

Chungu_Kidogo: Afadhali umepata meza. Juzi nimesomea ngazini.

Pumba_Tupu: Na yule wa fotokopi? Kanipa kurasa za teoremu ya Stokes zimekatwa upande wa kulia wote!

Mtoa mada: Jamani, fundi waya...

Dirishani: Yule wa fotokopi ananidai chenji au mimi ndiye namdai?